Kipanya Kisicho na Mlio

Jumatatu, 7 Oktoba

Ta-ta. Ndiyo sauti niliyorudi nayo nyumbani leo. Nilivuka nayo soko, nikaja nayo hadi Matisi, na mama aliponiuliza kama nimekula niliisikia kabla ya kumjibu. Ni sauti ya kipanya cha Nasambu anapofunga shamba.

Nieleze, kwa sababu daftari hili ni jipya na halijui kitu. Kazi yetu ni kuchora mashamba. Picha zimepigwa kutoka angani; sisi tunazifungua kwenye kompyuta na kubofya kila pembe ya shamba, moja baada ya nyingine, tukifuata ua, mtaro au mstari wa nyasi za nepia. Pembe ya mwisho unaibofya mara mbili, shamba linajifunga na ekari zake zinajiandika zenyewe. Kisha unahamia la jirani. Kwa ekari hizo chama cha wakulima hugawa saa za mashine ya kukaushia mahindi, ambayo msimu huu wa kuvuna inazunguka Trans-Nzoia na Bungoma. Mwenye ekari nyingi hupewa saa nyingi.

Tuko wawili, mimi na Phelista Nasambu. Yeye hukaa mbele yangu, sote tukielekea dirisha, kwa hivyo siku nzima ninaona mgongo wake, na bega lake huziba kioo chake. Sioni anachofanya. Lakini ninamsikia. Ta-ta, shamba limekwisha. Nimejifunza kuhesabu. Leo yeye sitini na moja, mimi hamsini na nane.

Saa nne Bwana Festus, mwenye ofisi, alitwambia huku akitafuna mahindi ya kuchemsha kwamba Januari chama kitafungua meza Bungoma. Kazi ya kudumu, ya mtu mmoja. "Mmoja wenu," alisema, akaokota punje iliyomwangukia kwenye shati. Mkataba wa yule mwingine utaisha Desemba.

Nina miaka ishirini na sita. Digrii yangu ya jiografia ilikaa miaka mitatu ndani ya bahasha chini ya godoro. Ile meza ninaitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na leo nimeona aibu kugundua hivyo mbele ya mtu anayetafuna.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Yeye sitini na tatu, mimi sitini na tatu. Nimekula vizuri.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kila Ijumaa Festus hubandika ramani za wiki kwenye baraza ya ofisi, wakulima wanakuja, kila mmoja anatafuta shamba lake kwa kidole na kutia saini. Leo nimesimama kando nikimtazama Nasambu. Wanamwita wenyewe. Kina mama wanamshika mkono na hawauachilii. Mzee mmoja alimwambia mpaka wake na kaka yake si ule mstari wa nepia, ni mgomba mmoja uliobaki peke yake, naye akacheka, akamwambia basi uombee upepo usiupige. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimechora karibu nusu ya mashamba yaliyobandikwa na hakuna aliyeniuliza jina.

Yeye ni mtu wa Misikhu, kule Bungoma. Ananiita Wacela badala ya Wacera, kwa sababu r na l kwake hubadilishana viti wakati wowote. Mwanzoni nilidhani ni dharau. Sasa najua si dharau, na ninakasirika zaidi, kwa kuwa sina la kumshtakia. Anatumia kipanya kwa mkono wa kushoto. Mkono wenyewe umetulia kama wa mtu anayeshona.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kipanya changu kimeanza kuharibika. (Ofisini sote tunasema mausi. Ninaandika kipanya kwa sababu mwalimu wangu wa Kiswahili angali hai na ana macho.) Ni kile cha waya nilichokikuta hapa. Nikibofya mara moja chenyewe kinabofya mara mbili, shamba linajifunga likiwa na pembe tatu tu, nami inabidi nifute na kuanza tena. Leo imenitokea mara thelathini na moja.

Yeye sitini na tano. Mimi arobaini na sita.

Jumatano, 16 Oktoba

Asubuhi hakukuwa na ta-ta. Nilisubiri. Nilimaliza shamba moja, la pili, la tatu. Mgongo wake ulikuwa palepale, kiwiko kikisogea kidogo kama kawaida. Kimya. Nilidhani masikio yangu yana kasoro.

Saa sita aliinuka kwenda kuchukua chai na nikakiona. Kipanya kipya, cheusi, kidogo, hakina waya. Hakina mlio vilevile. Unabonyeza na kinazama tu, kama kidole kwenye unga.

Sijui amechora mangapi leo. Sikuweza kufanya kazi. Nilijikuta nimeshika kipanya changu bila kubofya, nikisikiliza.

Alhamisi, 17 Oktoba

Alinionyesha mwenyewe. Alikiweka kwenye kiganja changu kama mtu anayekuonyesha kifaranga. Kinatumia betri moja ya kawaida, ile ya rimoti, na amehakikishiwa itamaliza mwaka. Pande zake zinafanana, kwa hivyo mwenye kutumia mkono wa kushoto hateseki. Alikinunua kwa Dancan, yule mwenye duka la vitu vya kompyuta karibu na steji ya matatu za kwenda Bungoma, kwa shilingi mia nane.

"Nikuchukulie moja, Wacela? Hicho chako kitakumaliza. Nakisikia kikilia huko nyuma mpaka nakuonea huruma."

Kumbe naye hunisikia. Nilimjibu kwamba nimeshaagiza changu, kizuri, kinakuja. Sijaagiza kitu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimezunguka mji wa Kitale saa tatu nzima nikitafuta kipanya ambacho si cha Dancan.

Duka la kwanza walikuwa navyo vya shilingi mia tatu na hamsini, havina jina, vyepesi kama kiberiti kitupu. Nilipokisukuma kimoja mezani kilitoa mkwaruzo na gurudumu lilicheza. La pili walikuwa na kimoja tu, cha bei ya matajiri. La tatu muuzaji hakutaka nikijaribu; alisema nikifungua boksi nimenunua. Nilitoka. Mvua ilikuwa imeanza na tuktuk zilikuwa zinarusha maji mpaka kwenye milango ya maduka. Mahali pa karibu pa kujikinga palikuwa kwa Dancan. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Dancan ni mwanamume mfupi anayevaa miwani miwili, mmoja kwenye pua, mmoja kwenye kipara. Aliniuliza kama ni cha kazi ama ni cha kuweka mezani watu waone. Nikasema cha kazi. Kazi gani? Kubofya. Siku nzima? Siku nzima. Akapanga vinne kwenye kaunta na kuniambia niweke mkono bila kuangalia.

"Funga macho, madam. Watu wakinunua na macho wanarudi hapa Jumatatu wakinilaumu."

Nilifunga macho. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, vidole vyangu havikufika mbele. Cha pili kilikuwa na mgongo uliopinda vizuri kwa mkono wa kulia. Cha tatu sikukipenda. Cha nne mkono wangu ulikitambua kabla yangu: kilikaa, vidole vikalala mahali pake, kiganja hakikuning'inia. Nilibonyeza, kikazama bila sauti. Sikuhitaji kufungua macho.

"Hicho ndicho," alisema Dancan. "Hata dada mmoja wa ofisi ya mashamba alichukua. Phelista. Mnafanya naye? Huyo msichana anajua kitu. Aliuliza maswali hapa mpaka nikaketi."

Nilikuwa nimeshafungua mkoba. Naapa nilikuwa nimeshaufungua. Aliposema "anajua kitu" niliinua mkono kutoka kwenye kile kipanya kana kwamba kimeungua, nikaonyesha cha pili, chenye mgongo uliopinda na taa zinazobadilika rangi pembeni.

"Hicho ni cha kuchaji," alisema polepole. "Na kina mlio. Na hizo taa zinakula chaji."

Nikamwambia nakitaka. Akaangalia uso wangu, akashusha miwani ya kipara juu ya ile ya pua, akafunga boksi.

Jumanne, 22 Oktoba

Saa nane kasoro kipanya kipya kimezimika. Ili nikichaji inabidi nikiunganishe kwa waya, na waya wake ni mfupi kuliko ule wa kile cha zamani. Nimefanya kazi mkono umebanwa kwenye kompyuta kama mbuzi aliyefungwa karibu na mti. Taa zilikuwa zinabadilika, kijani, zambarau, nyekundu.

Na kinalia. Ta-ta, ta-ta, ofisi nzima. Sasa yeye ananisikia na mimi simsikii. Anaweza kunihesabu akitaka. Najua hahesabu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Festus alisoma jumla ya wiki. Nasambu mia tatu na arobaini. Mimi mia mbili themanini na tisa. Kisha akaniambia, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko makali, kwamba nisikate tamaa. Nasambu alinigeukia akataka kunipa moyo, nami nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa viatu visivyo na kamba.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimerudi kwa Dancan wakati wa chakula. Sikumweleza. Nilifika, nikasema "kile cheusi", akakitoa chini ya kaunta bila kusema neno. Ninamshukuru kwa hilo zaidi ya kile kipanya.

Nasambu alipokiona kando ya kompyuta yangu alipiga makofi mawili. "Sasa tumekuwa mapacha." Alifurahi kweli. Mimi nilijisikia kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake kanisani.

Lakini kipanya ni kizuri. Niandike ukweli. Mkono hauumi, pembe inakaa pale unapoitaka. Leo sitini na saba.

Jumatatu, 4 Novemba

Amri mpya. Kompyuta hufungiwa kabatini jioni, zikipangwa moja juu ya nyingine, na msimu uliopita mtu fulani alivunja kile kidude cha kipanya kinachochomekwa ubavuni, kwa kuwa hakukitoa. Basi Festus ameleta mkebe wa kakao. Jioni kila mtu anachomoa kidude chake na kukitia humo. Ni vidogo kama ukucha, na viwili vyetu vinafanana kabisa, ingawa kila kimoja husikia kipanya chake tu.

Nasambu alisema afunge uzi kwenye chake. Nikamwambia kwa nini, kwani nitamwibia? Nilisema kama mzaha, lakini alisikia kilichokuwa chini ya mzaha, akauweka uzi wake mkobani. Kila asubuhi sasa mtu anachukua kimoja, anatikisa kipanya, kikigoma tunabadilishana. Anacheka kila mara. Mimi hutabasamu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mama anasema jirani yetu amelaza mahindi kitandani na yeye analala kwenye kochi.

Jumatano, 13 Novemba

Nitaandika yote leo, hata kama kalamu itaisha.

Tulifika pamoja. Kila mtu alichukua kidude kutoka kwenye mkebe na kukichomeka. Nasambu alifungua kompyuta yake, ikafungukia pale alipoachia jana, kisha kabla hajagusa kitu Festus akamwita nje, kuna wakulima wametoka Webuye wanataka kuongea na mtu anayejua Kibukusu. Akatoka na sweta lake begani. Nilibaki peke yangu.

Nilitikisa kipanya. Kwangu mshale haukusogea. Nilitikisa tena, na kwa pembe ya jicho nikaona kitu kikitembea mbele. Kiti chake kilikuwa kitupu, hakuna bega la kuziba, na juu ya kioo chake mshale ulikuwa unazunguka. Niliacha, ukaacha. Nilisogeza kulia, ukaenda kulia.

Tulikuwa tumechukua vidude kinyume. Mkono wangu ulikuwa ndani ya kompyuta yake.

Nilipaswa kuinuka. Ni hatua nne. Nilikuwa nasikia sauti yake nje, na watu wakicheka kwa alichosema, na Festus akicheka, kicheko kile ambacho sijawahi kukitoa kwake hata mara moja kwa miezi mitano. Nikawaza: hata lugha yake inamfanyia kazi. Hata kuzaliwa kwake kunamfanyia kazi. Mimi ninayo digrii na kipanya kilekile na bado.

Kwenye kioo chake palikuwa na shamba la mwisho la jana, lililofungwa vizuri. Nililiona kutoka kwenye kiti changu: refu, linashuka hadi kwenye mto. Mashamba ya kule hushuka hadi mtoni. Mtu asiyejua angedhani yanaishia kwenye mstari wa nepia ulio katikati ya mteremko, maana kwenye picha nepia inaonekana kama ua. Lakini nepia hiyo hupandwa kuzuia udongo tu. Nasambu analijua hilo. Mimi nilijifunza kwake.

Nilishika pembe ya chini, ile ya mtoni, nikaivuta juu hadi kwenye nepia. Pembe moja. Ekari zikabadilika zenyewe, kutoka nne hadi mbili na nusu. Lilikuwa kosa ambalo mtu yeyote mwenye haraka angelifanya. Nikapeleka mshale kwenye alama ya kuhifadhi na kubonyeza. Haikutoa mlio wowote.

Halafu nikainuka, nikabadilisha vidude, nikaketi. Aliporudi alinipa ndizi mbili walizomletea. Nilikula zote mbili.

Ijumaa, 15 Novemba

Ijumaa hii hakuna ramani barazani. Mvua imezidi, Festus ametuma orodha ya ekari moja kwa moja kwa wenye mashine. Nilikuwa nategemea baraza. Nilijiambia mkulima ataona, atalalamika kidogo, Nasambu ataaibika kidogo, itasahihishwa. Nilikuwa nimepanga aibu ya ukubwa fulani.

Jumatano, 20 Novemba

Sitini na tisa. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 25 Novemba

Saa tatu aliingia mama mmoja wa karibu na Misikhu, Mama Vivian, na chupa ya soda mkononi. Hakusalimu mtu. Aliiweka kwenye meza ya Festus. Ndani yake kulikuwa na mahindi na chumvi, kile kipimo ambacho hata mama yangu hutumia: unatikisa, chumvi ikishika kioo mahindi bado yana maji. Chupa ilikuwa nyeupe ndani, huoni punje.

Alisema alipewa saa za ekari mbili na nusu. Mashine ilipiga kazi, saa zikaisha, vijana wa mashine wakakunja turubai na kwenda kwa jirani huku nusu ya mahindi yake yakiwa bado chini. Mvua ilinyesha siku nne. Magunia sita yameota ukungu. Hata kuku hawezi kuwapa.

"Shamba langu linafika mtoni tangu baba mkwe," alisema. "Nani amelikata?"

Festus alifungua faili. Chini ya kila shamba huandikwa aliyelichora. Nasambu alisimama nyuma yake akasoma.

Nilisubiri ajitetee. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa na sura tayari. Alisema tu, "Jina ni langu, mama. Sikumbuki kuchora hivi, lakini jina ni langu. Nisamehe." Akamwomba siku ya Jumamosi aende watembee mpaka wote kwa miguu.

Mama Vivian alimwangalia sana. "Wewe si mtoto wa kwetu? Ungekuwa mgeni ningeelewa."

Ndipo Nasambu alipolia, bila sauti. Na mimi niliyekuwa nyuma yao, nikiwa na kila ninachotaka kikinijia kwa miguu yake, niliona wivu. Nauandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Nilimwonea wivu kwa jinsi alivyosema jina ni langu.

Ijumaa, 29 Novemba

Festus aliniita. Amewaomba wenye mashine wamrudie Mama Vivian siku moja, watakuja. Halafu akasema chama hakiwezi kumpeleka Bungoma mtu ambaye amekata shamba la Bungoma. "Meza ni yako, Wacera. Barua itatoka mwezi wa kumi na mbili. Najua umengoja." Alinipa ufunguo hapohapo.

Mama alichinja kuku.

Jumanne, 3 Desemba

Nimeenda Bungoma kuona ofisi. Meza iko chini ya dirisha, mbao mpya, droo mbili. Hakuna mtu mbele yangu, hakuna mgongo. Niliketi nusu saa. Nilitoa kipanya, nikakisogeza juu ya mbao bila kompyuta, mbele, nyuma, kama mtoto anayecheza gari.

Alhamisi, 5 Desemba

Nasambu amekuwa mpole kwa kipanya chake. Leo nimegundua anachofanya. Anachora shamba, analifunga, analifuta, analichora tena kulinganisha. Kila shamba mara mbili. Thelathini na moja tu leo.

Wakati wa chai alinyoosha mkono wa kushoto mezani akautazama. "Wacela, kazi haikuwa inanishinda. Nilikuwa najua huu mkono. Sasa sijui unafanya nini nikiwa siuangalii."

Nilimwambia kila mtu hukosea. Alisema ndiyo. Alinishukuru.

Ijumaa, 6 Desemba

Sikwenda kazini. Nimemwambia Festus kichwa kinauma.

Nimewaza kwamba nilichukua meza na ningeweza kuishi na hilo. Watu huchukua meza. Lakini ule mkono. Miezi yote hii nilikuwa namwonea wivu kwa sababu ya mkono huo, utulivu wake, na sasa nimeutoa, na haukuja kwangu. Haukwenda popote.

Jumatano, 11 Desemba

Nimesema. Ilikuwa jana saa nne.

Nilimwomba Festus aje chumbani kwetu. Nilikuwa nimeshachomeka kidude changu kwenye kompyuta ya Nasambu alipokwenda kunawa. Nasambu alipoketi nilimwambia asiguse kitu, aangalie kioo tu. Kisha nikiwa kitini kwangu, nyuma yake, nikasogeza mshale wake. Ulitembea taratibu hadi katikati, ukasimama.

Festus aliuliza kama ni virusi.

"Ni mimi," nikasema.

Bega la Nasambu liliziba kioo kama zamani. Kisha akaniuliza tarehe, bila kugeuka. Nikamwambia, kumi na tatu Novemba, asubuhi, ulipoitwa nje. Akataja shamba mwenyewe. Nikasema ndiyo.

"Pembe ngapi?"

"Moja."

Sasa akageuka. Sijawahi kumwona na uso ule, na najua ni mimi niliyeutengeneza. "Nitajuaje?"

Festus alianza kusema maneno mengi, kuhusu imani na kuhusu polisi, akakosa pa kuketi, akatoka nje. Nasambu alifungua faili la kwanza la Oktoba. Alisema tutapitia yote, yeye asome pembe, mimi nitafute kwenye picha. Mashamba yake yote ya msimu huu. Nikavuta kiti.

Ijumaa, 13 Desemba

Tumemaliza saa tisa alasiri. Zaidi ya elfu mbili na mia tano, na jana ilikuwa sikukuu, tukafanya kazi pia. Hatukuongea ila namba. Yote yalikuwa sawa isipokuwa moja, nalo tulikuwa tumeshalirudisha hadi mtoni. Kuelekea mwisho niliona anasoma haraka zaidi, na jioni alichora mashamba matano mapya bila kufuta hata moja. Aliondoka bila kuniaga. Sikutarajia aniage.

Bado namwonea wivu. Nilidhani kusema kungeumaliza. Haukumalizika, ila sasa najua sura yake, na haunipandi ghafla.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimekwenda kwa Mama Vivian. Nilimkuta uani na turubai, akichambua mahindi yaliyopona na yaliyoharibika. Nilimweleza nikiwa nimesimama, tangu mwanzo, na vile vidude viwili, na pembe ya mtoni. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama mimi ndiye aliyepewa ile kazi ya Bungoma, habari zilikuwa zimeshafika huko.

Nikamwambia nilipewa. Akauliza na yule msichana mwingine je. Nikasema Nasambu ataanza tarehe sita Januari, Festus amempa ufunguo leo asubuhi.

"Walikunyang'anya baada ya kusema."

"Hapana, mama. Barua ya kuikataa niliiandika Jumatatu. Nilimwachia Festus mezani Jumanne asubuhi, na ufunguo juu yake, kabla sijamwita chumbani."

Aliniangalia, akasogeza ungo mmoja upande wangu. Nilichambua hadi saa kumi, nikarudi Kitale.